Kuiinua Siyo Kuitengeneza



Juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo mno, nalo ni pikipiki iliyoegeshwa, kisha ikaangushwa na mtu ambaye hakukusudia kuiangusha. Tumelichagua kwa sababu hapa kwetu Malampaka hutokea mara nyingi, na kila linapotokea tunasikia watu wa rika zote wakitamka maneno yaleyale: "Ajali haina kinga." Msemo huo ni wa kweli. Hata hivyo, tumeona kwamba mara nyingi unatumika kuyafunga mazungumzo pale ambapo yangepaswa kuanza.

Kwa wale wanaotusoma kutoka mbali, Malampaka ni mji mdogo wa wilaya ya Maswa, katika mkoa wa Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012, kwa sehemu kubwa kutoka katika mkoa wa Shinyanga. Mji uko kando ya reli iendayo Mwanza, reli ambayo ilifika ziwani mwaka 1928. Hii ni nchi ya pamba, mpunga na ng'ombe. Kwa miaka mingi mtu wa huku alisafiri kwa miguu, kwa mkokoteni wa ng'ombe au kwa baiskeli, na katika Usukuma baiskeli za kubeba abiria zilipewa hata jina la daladala. Leo kazi hiyo inafanywa kwa sehemu kubwa na bodaboda, neno lililotoka mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako hapo kwanza nalo lilikuwa jina la baiskeli za kuwavusha watu. Nchini kwetu kanuni za mwaka 2010 ziliipa pikipiki nafasi ya kisheria ya kubeba abiria kwa malipo. Ndiyo inayompeleka mama mjamzito zahanati usiku, ndiyo inayobeba gunia la mpunga na mbuzi wa mnadani, na sisi wenyewe bila hiyo vigango vyetu vya mbali tungevifikia kwa shida kubwa.

Sasa, pikipiki ni chombo chenye magurudumu mawili tu, na kikiwa kimesimama hakina uwezo wa kujishikilia chenyewe. Kinategemea kipande kimoja cha chuma kiitwacho stendi, na stendi inategemea ardhi iliyo chini yake. Sehemu kubwa ya ardhi yetu ni ule udongo mweusi wa mfinyanzi ambao Wasukuma huuita mbuga. Wakati wa kiangazi hukauka na kupasuka nyufa ambazo mtu aweza kuingiza mkono. Wakati wa mvua huvimba na kulainika. Pikipiki iliyosimamishwa juu ya udongo huo uliolowa huzama stendi yake polepole bila mtu kuona. Ndiyo maana madereva wenye uzoefu huweka jiwe bapa au kipande cha ubao chini ya stendi kabla ya kuondoka. Pikipiki iliyoegeshwa ni kitu kilichoachwa chini ya ulinzi wa wapita njia wote, hata kama mwenyewe hakuwaomba.

Tena, upande inakoangukia una maana. Stendi ya pembeni iko kushoto, hivyo pikipiki husimama ikiwa imeegemea kushoto. Stendi ikizama, huangukia kushoto, na hapo huumia mkono wa klachi, kikanyagio cha gia na kioo cha upande huo. Lakini ikisukumwa kutoka kushoto, huangukia kulia, na upande wa kulia ndiko uliko mkono wa breki ya mbele, kikanyagio cha breki ya nyuma na, kwa pikipiki nyingi, bomba la moshi lenye moto. Kwa maneno mengine, pikipiki iliyoanguka kushoto huenda ikashindwa kuondoka. Iliyoanguka kulia huondoka vizuri kabisa, ila huenda ikashindwa kusimama. Tunaomba msomaji alishike jambo hili, kwa kuwa yote tutakayoyasema yanasimama juu yake.

Miezi michache iliyopita tulikuwa tumesimama karibu na stesheni, tukitokea kigangoni, tukisubiri gurudumu letu lijazwe upepo. Kijana mmoja wa sekondari alikuwa akisukuma baiskeli yenye madumu manne ya maji. Baiskeli ikateleza kidogo, dumu moja likaigonga bodaboda iliyokuwa imeegeshwa mbele ya duka, nayo ikaanguka upande wa kulia kwa kishindo. Mwenyewe hakuwapo. Watu watatu tulimsaidia kijana kuiinua, maana chombo hicho kina uzito wa zaidi ya kilo 100 na kijana alikuwa mwembamba. Ilipokwisha kusimama, kila aliyeitazama aliridhika. Tangi halikubonyea, taa ilikuwa nzima, na mafuta kidogo yaliyomwagika yalikuwa yamekwisha kunywewa na vumbi.

Hapo sauti zikaanza. "Dogo, imekaa vizuri, chukua maji yako uende." "Ajali haina kinga." "Kwani nani amekuona?" Waliosema hivyo hawakuwa watu wabaya. Walimhurumia, na walijua, kama tunavyojua sote, jinsi hasira ya kijiweni inavyoweza kumwangukia mtoto wa watu. Kijana aliuliza jambo moja tu: "Mwenyewe yuko wapi?" Aliambiwa amekwenda kula kwa mama lishe. Basi akaiegemeza baiskeli yake ukutani, akasimama kando ya ile pikipiki, akangoja.

Dereva alipofika, kijana alimwamkia shikamoo, kisha akasema: "Kaka, nimeiangusha pikipiki yako. Imeangukia upande huu." Akaonyesha kwa kidole. Dereva alikasirika, akasema maneno ambayo hatutayarudia hapa. Lakini kwa kuwa alikuwa ameonyeshwa upande, aliinama akautazama upande huo, akaubana mkono wa breki mara mbili, tatu, akakunja uso. Akaikokota pikipiki hadi kwa fundi aliyekuwa akifanya kazi chini ya mwarobaini, nasi tukafuata. Fundi aliufuta ule mkono kwa kitambaa chenye mafuta, akatuonyesha. Penye shina lake palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. "Huu ungefanya kazi," alisema, "mpaka siku utakayoubana kwa nguvu."

Wapendwa, maneno ya fundi huyu tumeyatafakari kwa muda mrefu. Ni lini dereva huubana mkono wa breki kwa nguvu zake zote? Si anapopunguza mwendo kumteremsha abiria. Huubana hivyo siku mtoto anapokatiza barabara akikimbiza mpira, au ng'ombe anapotoka ghafla kichakani. Breki ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa zaidi katika kusimamisha pikipiki, kwa sababu chombo kinapofunga breki uzito mwingi huelemea mbele. Ufa ule, basi, ungekaa kimya siku zote za kawaida na kungojea ile siku moja mbaya. Mikono hii ya breki hutengenezwa kwa madini mepesi yanayomiminwa katika kalibu; ikipinda na kunyooshwa kwa nguvu huweza kupasuka ndani, wakati kikanyagio cha chuma kinyooshwapo hurudi kazini bila tatizo. Mtu asiyejua tofauti hiyo angeunyoosha ule mkono kwa nia njema, akaondoka akiamini amekwisha kutengeneza.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilisema kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani katika ajali za barabarani, na kwamba zaidi ya nusu yao ni wale wasio na bati la kuwakinga, yaani watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki. Hatudai kwamba vifo hivyo vinatokana na pikipiki zilizoangushwa mbele ya maduka. Tunasema tu kwamba anayepanda bodaboda hapa kwetu, awe mwanafunzi, mgonjwa au bibi aliyebeba kuku, amekabidhi uhai wake kwa vipande vichache vya chuma, na ni haki yake kwamba anayejua kipande kimoja kimegongwa aseme.

Hapa ndipo tunapoona udhaifu wa shauri lile la huruma walilompa kijana. Waliona kwamba kuinua ni kutengeneza. Kilichokuwa chini kimerudishwa juu, basi mambo yamekwisha. Kumbe kwa kuiinua na kunyamaza wangekuwa wameficha ajali ya kwanza ndani ya ajali ya pili. Wahenga walituambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hata wao walichukulia kwamba mwenye nyumba ameuona ufa wenyewe. Je, kama aliyeuona ni jirani tu, naye akapita?

Katika Torati ya Musa yamo maagizo mawili yanayofanana sana na mambo yetu ya Usukuma, kwani yanahusu ng'ombe na punda. Katika Kumbukumbu la Torati Mwisraeli anaagizwa kwamba akimkuta punda au ng'ombe wa ndugu yake ameanguka njiani asijifanye hakuona, bali amsaidie mwenyewe kumwinua. Na katika kitabu cha Kutoka, mtu aliyechimba shimo akaliacha wazi, kisha mnyama wa jirani akatumbukia, anatakiwa kumlipa mwenye mnyama. Mchimba shimo hakumsukuma ng'ombe. Hakumtakia mabaya. Hata hivyo hasara ipo, na sheria haikubali kuiacha kwa yule asiyehusika. Tunajifunza hapo kwamba dhambi ni jambo moja na hasara ni jambo lingine. Kijana wa madumu hakuwa na la kuungama. Alikuwa na la kusema.

Turudi kwa fundi, maana hesabu ilikuwa bado. Mama wa kijana aliitwa, akaja na khanga yake mabegani, mwenye wasiwasi. Mtu mmoja katika kundi akajitwika kazi ya karani, akaanza kutaja: mkono wa breki, kioo cha pembeni kilichopasuka, taa ya kuonyesha kona iliyolegea. Wengine wakamgeukia Paroko wao wakisema, "Padre, amua." Tulijibu kwamba wenye jambo wako hapa, nao wana akili timamu. Ndipo dereva, ambaye hasira yake ilikuwa bado haijatulia, alisema neno lililotushangaza: "Kioo hapana. Kioo kina ufa tangu juzi." Kundi likanyamaza.

Ili kuelewa uzito wa neno hilo, ni lazima kuelewa hali ya dereva mwenyewe. Vijana wengi wanaoendesha bodaboda si wenye vyombo hivyo. Wengine hupeleka hesabu kwa tajiri kila siku au kila juma; wengine wako katika mkataba, ambapo hulipa kwa muda mrefu hadi chombo kiwe chao. Katika mipango ya namna hiyo siku ya matengenezo kwa kawaida haipunguzi hesabu. Bima ile ndogo inayolazimishwa na sheria hulipa madhara anayopata mtu mwingine kwa sababu ya chombo. Haitengenezi chombo chenyewe kilichoangushwa. Dereva huyu angeweza kukipata kioo kipya bure siku ile, na hakuna ambaye angejua. Kijana alimwambia ukweli uliomgharimu, naye akajibu kwa ukweli uliomgharimu. Tunaamini wa pili ulizaliwa na wa kwanza.

Fundi alitaja bei ya mkono mpya na ya kazi yake, nayo ilikuwa shilingi elfu chache, ambazo kwa mama muuza karanga si chache. Alitoa nusu, akaahidi nyingine mwisho wa juma. Kisha akauliza jambo ambalo hata karani wetu wa kujitolea hakulitaja: "Na muda wako uliopotea, baba?" Dereva alitazama chini kidogo, akasema: "Muda nimesamehe, mayu. Mkono wa breki nitaupokea."

Wapendwa, watu wengi hutuuliza kama haki na msamaha vinaweza kukaa nyumba moja. Jibu tulilisikia pale chini ya mwarobaini. Dereva aliweza kusamehe muda wake kwa sababu mama aliutaja. Hakuna mtu awezaye kusamehe deni ambalo hajui kwamba analidai. Kama kijana angekwenda na maji yake, wapo ambao wangesema kwamba mambo yameisha kwa amani, lakini isingekuwa amani. Ingekuwa ni mtu mmoja kutojua tu. Msamaha unaochukuliwa kabla ya mwenyewe kuulizwa unafanana sana na wizi, hata kama aliyeuchukua ana sura ya huruma.

Tunapenda pia kuwaambia neno wenye vyombo, kwa kuwa mzigo wote usiwekwe juu ya wapita njia. Anayeegesha pikipiki mlangoni mwa duka, katikati ya njia ya wenye madumu na mikokoteni, naye amechimba shimo lake dogo. Anayeongeza kioo cha juzi katika hesabu ya leo anamwibia mtu aliyemheshimu. Na anayemjibu mkweli kwa kofi anawafundisha watoto wote wanaotazama kwamba ni afadhali kukimbia. Baada ya kofi hilo tusishangae tukirudi kwenye vyombo vyetu na kukuta mikwaruzo isiyo na mwenyewe. Kijiwe kinachotaka kuambiwa ukweli hakina budi kuwa mahali ambapo ukweli unaweza kusemwa bila kupigwa.

Basi, ili tafakari yetu isibaki hewani, tunawaachia mambo machache ya kutenda. Ukiiangusha pikipiki, kwanza tazama kama kuna mtu aliyebanwa au aliyeungua. Zima swichi, funga koki ya mafuta, na mwenye sigara akae mbali. Ikiwa imelala upande wa kulia, itoe stendi ya pembeni kwanza, ndipo uiinue, isije ikapitiliza na kuangukia upande wa pili. Kunja magoti na usukume kwa miguu kuliko kuvuta kwa mgongo, na usione haya kuomba msaada. Iache isimame dakika kadhaa kabla ya mtu kuiwasha, ili oili irudi mahali pake. Usinyooshe kitu chochote cha breki kwa mkono wako mwenyewe ukasema kimepona. Kisha mngoje mwenyewe. Ukishindwa kabisa kungoja, mwachie mwenye duka jina lako na mahali unapokaa, na umwambie ni upande gani iliangukia. Halafu lipa kilichoharibika, taja na kile ambacho hakijaonekana, na umwachie mwenyewe nafasi ya kusamehe anachotaka kusamehe.

Wazazi, tunawaomba muwafundishe watoto wenu jambo hili kabla halijatokea, na muwaambie mapema kwamba watakapoitwa mtakuja. Kijana yule aliweza kusimama pale peke yake, pengine kwa sababu alijua kwamba mama yake akipata habari atafika na khanga yake na fedha kidogo alizo nazo, na hatamkana mbele za watu.

Ajali haina kinga; ndivyo ilivyo, na ndivyo itakavyoendelea kuwa maadamu udongo wetu ni mweusi na njia zetu ni nyembamba. Lakini kinachofuata baada ya ajali kimo mikononi mwetu kabisa, nacho huanza kwa mtu mmoja kukubali kusema ni upande gani iliangukia.

Tunawatakia nyote Dominika njema na juma lenye safari za salama. Mungu awabariki.